Filamu ya "Leila": Ridhaa Iliyokamuliwa

Huenda msomaji akauliza, kurasa za fiqhi zina haja gani na filamu? Haja ipo. Swali la filamu hii ndilo wanaloletewa maimamu wetu wa Mwananyamala: mke hazai, mume afanye nini?

"Leila" ilitoka Iran mwaka 1997. Iliongozwa na Dariush Mehrjui, aliyeuawa nyumbani kwake Oktoba 2023. Leila na Reza wameoana karibuni, na vipimo vinaonesha kuwa mke hashiki mimba. Reza anasema wazi kwamba yeye anamtaka mkewe, mtoto si hoja. Mama yake hasikii, anataka mjukuu wa kiume. Basi anamwandama mkaza mwana, kwa upole na maneno matamu, mpaka Leila mwenyewe anamsihi mumewe aoe. Reza anapokwenda kuona wachumba, Leila anafuatana naye na kumsubiri. Akirudi wanacheka pamoja. Kicheko hicho kinaumiza kuliko kilio.

Wapo waliodhani filamu inashambulia ukewenza. Sisi hatuoni hivyo. Rukhsa ya aya ya 3 ya Suratun-Nisaa imefungamana na uadilifu, na mzigo huo amebebeshwa mume. Fiqhi haikufanya idhini ya mke wa kwanza kuwa sharti la kusihi ndoa ya pili, sasa kwa nini Leila akamuliwe "ndiyo" kila siku? Kwa sababu Reza anaitaka iwe ngao: mama ametaka, mke amekubali, yeye hana lawama. Huo si uadilifu. (Na hapa mjini wapo wanaomwita mke tasa ilhali wao wenyewe hawajakanyaga hospitali kupimwa.)

Usiku wa harusi Leila anarudi kwa wazazi wake. Mke mpya anazaa, naye ni binti! Aliyesoma Suratush-Shuura, aya ya 49 na 50, hatashangaa: wa kike, wa kiume na utasa, vyote ni vya Mwenyezi Mungu kugawa.

Tunalomlaumu Mehrjui ni jingine. Huyo mke wa pili hakupewa nafasi ya kusema. Aliolewa kwa ajili ya tumbo lake, kisha ndoa ikavunjika, na filamu inampita haraka. Naye alikuwa na haki ya zamu, ya masikilizano na ya kutendewa wema, sawasawa na Leila.