Pongezi kwa Wataalamu wa Tiba ya Viungo

Tiba ya viungo ni nguzo muhimu kwa wenye ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa. Mwili hukakamaa, mikono hutetemeka na hatua hufupika. Dawa hupunguza dalili hizo, lakini haziusaidii sana usawa wa mwili. Hapo ndipo mtaalamu wa viungo anapostahili sifa. Huweka mistari sakafuni ili mguu ulioganda upate pa kukanyaga, hupiga mdundo wa kufuatwa, na humzoeza mgonjwa kupiga hatua kubwa kwa makusudi.

Kwa wenye ataksia, yaani kukosa uratibu wa mwendo, ambayo mara nyingi huletwa na kudhoofika kwa ubongo mdogo, mkazo huwa katika kusimama, kugeuka na kuepuka kuanguka. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wiki 4 za mazoezi mfululizo ziliboresha mwendo na usawa.

Mazoezi hayaponyi maradhi haya, na yakiachwa faida hupungua. Kwa hiyo mtaalamu huifundisha pia familia kuyaendeleza nyumbani. Taaluma inayompigania mgonjwa hivyo, hatua kwa hatua, inastahili heshima kubwa.