Simu Ile Haikupaswa Kupigwa

Mliokuwa ukumbini Sinza, kwenye mafunzo ya kupima hatari ya ukatili wa nyumbani kujirudia, mliliona igizo dhima la tatu. Mama amekaa mbele ya afande wa Dawati la Jinsia la polisi. Ameshasema kwamba mumewe alimkaba shingo mpaka akaona giza, kwamba tangu juzi amehamia kwa dada yake Manzese, na kwamba mume hajui aliko. Afande anajaza fomu, anatafuta jeraha, halioni, anaandika "hatari ya wastani". Kisha anashika simu: "Shemeji, hebu njoo kituoni tuyaongee." Mwezeshaji akapiga makofi, ukumbi ukafuata.

Nilikaa nimekunja mikono. Katika igizo lote hakukuwa na kosa kubwa kuliko simu hiyo, na ndiyo iliyoshangiliwa.

Tuanze na shingo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha wanawake waliouawa na wenza wao na wanawake wengine waliokuwa wakipigwa. Aliyewahi kukabwa alikuwa na uwezekano wa kuja kuuawa zaidi ya mara saba kuliko ambaye hajakabwa. Jibu hilo moja lilitosha kuipandisha fomu hadi hatari kubwa, hata kama visanduku vingine vyote vingebaki vitupu. Afande alidanganywa na ngozi. Huko San Diego walipopitia mafaili 300 ya polisi ya watu waliokabwa, nusu yake hayakuwa na alama yoyote ya kuonekana kwa macho. Kwenye ngozi zetu michubuko hujificha zaidi. Ndiyo maana mtu aliyefundishwa haishii kutazama, anauliza: sauti imekwaruza? Kumeza kunauma? Ulijikojolea? Ulipoteza fahamu, hata kwa sekunde? Hakuna hata swali moja kati ya hayo lililoulizwa, na mwezeshaji hakuligusa wakati wa majadiliano.

Halafu kuna kuhama. Mama ameondoka juzi. Vyombo vingi vya kupima hatari vinavyoheshimika vinauliza kama mwanamke ameondoka au anapanga kuondoka, kwa sababu mwanamume anayetawala kwa kipigo huwa hatari zaidi anapoona utawala unamponyoka. Simu ya afande ikampelekea mume huyo taarifa tatu kwa mkupuo: mkeo ameshtaki, mkeo atakuwa kituoni saa fulani, na sisi hapa tunaona ni jambo la maongezi. Baada ya maongezi nani anamsindikiza mama mpaka Manzese? Igizo liliishia kwenye makofi.

Wasomaji wa safu hii mnajua nilivyo na ugomvi wa siku nyingi na usuluhishi, na sitauacha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Baraza la usuluhishi la kifungu cha 101 limewekwa kwa anayetaka talaka, na hata hapo sheria imeacha mlango kwa mazingira yasiyo ya kawaida. Hakuna mahali panapomtuma polisi kumpatanisha aliyekabwa na aliyemkaba.

Mengine, yaani faragha, fomu ya polisi ya PF3 na rufaa ya hospitali, yalifundishwa vizuri. Kilichopungua ni kusikiliza.

Ukumbi ule hauko mbali na Sinza Mori, ambako TAMWA, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, walikuwa na ofisi yao. Wale akina mama waandishi walioanza mwaka 1987, akina Fatma Alloo na Leila Sheikh, walikitoa kipigo cha ndani na kukiweka kwenye kurasa za jarida lao, Sauti ya Siti, wakati wengi wakikiita siri ya nyumba. Hawakuwa na fomu za kupima hatari. Walimsikiliza mwanamke hadi mwisho na kuyachukulia maneno yake kuwa ushahidi. Na muuguzi Jacquelyn Campbell, aliyetengeneza kipimo chake cha hatari mwaka 1985, alianza na kalenda: mwanamke anaonyesha mwenyewe siku alizopigwa ndani ya mwaka, na uzito wa kila kipigo. Anayejisemea "si mara nyingi" anaiona miezi ikijaa mbele yake. Kalenda ni karatasi moja tu. Kwa nini haikuwemo kwenye makabrasha ya mafunzo?

Lipo pia suala la uhamisho wa maafande, nililoliandika hadi wengine wamechoka: afande anafundishwa leo, kesho anapelekwa usalama barabarani, dawati linabaki na mgeni. Na lipo la sheria. Kenya tangu mwaka 2015 wana sheria mahususi inayomwezesha mwanamke kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Tanzania Bara bado hatuna, kwa hiyo hata afande akiandika "hatari kubwa" inambidi ategemee mashtaka ya jinai, ustawi wa jamii na ndugu wenye chumba cha ziada. Hiyo ni sababu ya kuwa makini zaidi na simu.

Kundi linalofuata la mafunzo haya liko Temeke. Igizo la tatu lirudiwe kwa maelezo yale yale, mama akiwa na shingo isiyo na alama na mume akiwa hajui aliko. Afande apange kwanza mama atalala wapi, nani atampigia kesho asubuhi na kwa namba ipi. Mume akamatwe kama mtuhumiwa mwingine yeyote, mama akiwa ameshafika mahali salama.