Mama Amezikwa Wapi? Nyumba, Wafu na Upokezi wa Tamthiliya ya The Haunting of Hill House katika Mazingira ya Kyela

4.1 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki tamthiliya fupi ya runinga iitwayo The Haunting of Hill House, iliyoongozwa na Mike Flanagan na kuanza kuonyeshwa na Netflix tarehe 12 Oktoba 2018 ikiwa na vipindi 10. Tamthiliya hiyo imechota jina, nyumba na baadhi ya majina ya wahusika kutoka katika riwaya ya Shirley Jackson ya mwaka 1959, lakini familia inayosimuliwa humo ni mpya. Hugh na Olivia Crain wananunua jumba kuukuu kwa nia ya kulikarabati na kuliuza. Wanaishi humo pamoja na watoto wao watano: Steven, Shirley, Theo na mapacha Luke na Nell. Usiku mmoja baba anawatorosha watoto, mama anabaki nyuma na kufa. Miaka mingi baadaye Nell anarudi katika jumba hilo na kufia humo, na kifo chake kinawalazimisha waliobaki kukutana tena.

Msukumo wa sehemu hii ulitokana na swali moja. Mtafiti alipoitazama tamthiliya hii pamoja na jamaa zake Kyela, huku akiwafasiria mazungumzo, shangazi yake hakushtushwa na mizimu iliyojitokeza gizani. Alitazama kwa utulivu vipindi vya mwanzo, kisha akauliza kwa Kinyakyusa: “Mwanangu, huyo mama wamemzika wapi?” Mtafiti hakuwa na jibu. Sebule moja si sampuli ya kitafiti, na sehemu hii haidai kuwa watazamaji wote wa Kyela huuliza hivyo. Inachodai ni kwamba swali lile ni la kihakiki, na kwamba linaifungua tamthiliya hii kwa namna ambayo woga peke yake hauwezi.

4.2 Upeo wa Matarajio ya Mtazamaji

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi. Kwa mujibu wa Hans Robert Jauss, kila msomaji huikabili kazi ya sanaa akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozijua kabla na maisha anayoishi. Wolfgang Iser naye anaeleza kuwa matini huwa na mapengo, na ni msomaji anayeyajaza. Hivyo basi, mtazamaji asiyeogopa pale mtunzi alipokusudia aogope hajashindwa kuielewa kazi. Huenda anajaza mapengo mengine.

Tofauti hii inaonekana wazi katika tamthiliya tunayoihakiki. Flanagan aliificha mizimu kadhaa nyuma ya wahusika, kwenye milango, chini ya piano na katika vivuli. Watazamaji wengi wa Marekani na Ulaya waliirudia tamthiliya ili kuitafuta na kuihesabu. Kwao, pengo la kujazwa lilikuwa la macho: mzimu uko wapi katika picha? Kwa shangazi wa mtafiti, pengo lilikuwa la kijamii: marehemu yuko wapi katika ukoo?

Mtazamaji wa Tanzania haji mikono mitupu mbele ya kazi ya kutisha. Kuna jadi ya vibanda vya video, ambamo wasimuliaji kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walizifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza maelezo na mizaha yao. Aidha, kuna filamu za kutisha za Kiswahili zilizotolewa katika muongo wa kwanza wa karne hii, zikiwamo Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Jina la Nsyuka lina uzito wa pekee hapa, kwa kuwa linahusiana na neno la Kinyakyusa unsyuka, wingi abasyuka, linalorejelea mfu aliyeondoka lakini angali na mahusiano na walio hai. Mtazamaji wa Kyela ana neno la kumwita mzimu wa Hill House hata kabla mzimu huo haujatokea. Swali ni iwapo neno hilo linaingia katika nyumba ya Flanagan bila kubadilika.

4.3 Nyumba Isiyokufa na Nyumba Inayohama

Masimulizi ya nyumba yenye mizimu katika fasihi ya Kiingereza husimama juu ya nguzo moja isiyotajwa: nyumba huishi kuliko wakazi wake. Hujengwa kwa mawe, huuzwa, hununuliwa na mgeni asiyejua yaliyotendeka humo, na uovu wa wakazi wa kale husalia kama deni ambalo halikuandikwa katika mkataba wa mauzo. Familia ya Crain ni ya wanunuzi. Haina uhusiano wowote na wafu inaowakuta humo, na hapo ndipo penye kutisha: wafu wa watu wengine wanakuwa mzigo wako.

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nguzo hiyo haikuwapo. Nyumba ya Kinyakyusa ilijengwa kwa mianzi na udongo na kuezekwa kwa nyasi. Katika utafiti alioufanya pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na kuuchapisha katika kitabu chake cha mwaka 1951, Monica Wilson anaeleza kuwa wavulana waliondoka kwa wazazi wao wakiwa na umri wa takriban miaka 10 na kuanzisha kijiji chao cha rika. Makazi yalihama pamoja na vizazi. Kilichobaki mahali ni migomba na makaburi, kwani wafu walizikwa katika eneo la makazi. Leo nyumba nyingi za Kyela ni za matofali na bati, na vijiji vya rika vimetoweka, lakini desturi ya kumzika ndugu nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni, ingali hai.

Matokeo yake kwa upokezi ni makubwa. Kwa mtazamaji aliyelelewa kando ya kaburi la babu yake, kuwapo kwa mfu nyumbani hakuwezi kuwa kitisho chenyewe. Katika tamthiliya nzima, wahusika wanaomwelekea ni akina Dudley, wale wafanyakazi wa jumba. Binti yao Abigail anapokufa humo, wanamwomba Hugh asiliteketeze jumba, ili waendelee kuwa karibu na mtoto wao. Baadaye mzee Dudley anambeba mkewe aliye mahututi hadi ndani ili afie karibu na bintiye. Mtazamaji anayehesabu mizimu anaweza kuliona tendo hilo kama udhaifu wa wazazi walionaswa. Katika upeo wa Kyela, hao ndio watu wawili wanaojua kaburi la mtoto wao liko wapi.

4.4 Matanga Yasiyokwisha

Tuligeukie sasa swali la shangazi. Katika kipindi cha pili tunaonyeshwa jeneza la Olivia likiwa wazi. Binti yake Shirley, akiwa bado mtoto, anastaajabia jinsi msiba ulivyofichwa na ufundi wa mhifadhi maiti, na akiwa mtu mzima anaifanya kazi hiyo hiyo. Mwili umerembwa, macho yameridhika. Tunachokikosa ni matanga: kulala pamoja, kusema yaliyotokea, kugawana wajibu wa marehemu. Hugh anakataa kuwaeleza watoto jinsi mama yao alivyokufa, naye Steven anayajaza mapengo hayo kwa kuandika kitabu na kukiuza. Ukimya wa mmoja na biashara ya mwingine vinachukua nafasi ya msiba.

Katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu miviga ya ukoo, Wilson anaeleza kuwa miviga ya kifo ya Wanyakyusa ilikuwa na mwendo wa pande mbili. Kwanza marehemu alitengwa na walio hai, aondoke katika ndoto na miili yao. Kisha alirudishwa nyumbani akiwa mzimu wenye heri. Wazee walimweleza kuwa anayepuuza miviga hiyo hupatwa na wazimu. Ukiuweka mpango huo kando ya tamthiliya, watoto wa Crain wanaonekana kama waombolezaji waliokwama katikati. Nell anaandamwa usingizini, Luke anazama katika dawa za kulevya, Theo anavaa glavu ili asiguswe na maumivu ya wengine. Marehemu hajatengwa nao, wala hajarudishwa kwao.

Kipindi cha sita, ambacho kamera inawafuata wanafamilia kwa muda mrefu bila kukatwa wakiwa mbele ya jeneza la Nell, kimesifiwa sana kwa ufundi wake wa upigaji picha. Kwa usomaji huu, uzito wake uko kwingine. Hiyo ndiyo mara ya kwanza familia kukaa usiku kucha na maiti yake, na maneno yaliyozuiwa kwa miaka mingi yanatoka yote, hata jeneza linaanguka. Ni matanga yaliyochelewa, na yanafanyika vibaya, lakini yanafanyika.

4.5 Mama Asiyewaruhusu Watoto Kutoka

Hoja ya pili inamhusu Olivia. Hofu yake kubwa ni kwamba ulimwengu wa nje utawaumiza mapacha wake, na jumba linamshawishi kuwa njia ya kuwalinda ni kuwaua wangali wadogo. Sumu anayoandaa inamuua Abigail. Chumba Chekundu, ambacho Olivia na kila mmoja wa watoto wake alikiona kuwa chumba chake binafsi, kinadhihirika kuwa tumbo la jumba, linalowatuliza watu huku likiwameng’enya.

Wanyakyusa walikuwa na sherehe kuu ya kukabidhiana vizazi, ubusoka, neno lenye maana ya kutoka. Vijana walitoka na kushika nchi, na baba zao wakasogea kando. Jamii iliyojengwa juu ya wazo hilo inaujua uovu wa Olivia kwa jina lililo wazi kuliko “nyumba yenye mizimu”: ni uovu wa mzazi anayezuia kizazi kisitoke. Kwa mtazamo huu, hata mwisho wa tamthiliya unapata maana nyingine. Baadhi ya wahakiki wa Marekani na Uingereza waliulalamikia kuwa laini mno kwa kazi ya kutisha. Hugh anakubali kubaki na mkewe jumbani ili mlango ufunguliwe na watoto watoke. Baba anasogea kando, watoto wanatoka. Huo si ulaini. Ni makabidhiano yaliyopaswa kufanyika tangu mwanzo.

4.6 Mipaka ya Usomaji Huu

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba maelezo ya Wilson ni ya miaka ya 1930, na mtazamaji wa leo wa Ipinda au Matema ni Mkristo, mkulima wa mpunga au kakao, mwenye simu mkononi. Pingamizi hili ni sahihi, na ndiyo maana dhana hizi zimetumika hapa kama zana za uhakiki, si kama picha ya mtazamaji wa sasa. Hata hivyo, shangazi aliyeuliza swali lile ni mshirika wa kanisa asiyekosa ibada. Swali lilitoka katika mazoea ya msiba, na mazoea hayo hudumu hata imani inapobadilika.

Ya pili ni nzito zaidi: je, usomaji huu hauisafishi tamthiliya, ukaifanya kuwa somo la maadili na kuondoa kitisho chake? Kuna hatari hiyo. Mwanamke wa Shingo Iliyopinda, anayemtesa Nell tangu utotoni, anadhihirika kuwa Nell mwenyewe baada ya kifo chake. Dhana ya unsyuka haimtoshi mzimu huyu, kwa kuwa unsyuka ni mtu wa ukoo aliyetangulia, ilhali Nell anaandamwa na mauti ambayo hayajafika. Hakuna mviga wa kumtenga mtu na nafsi yake ya kesho. Hapa mtazamaji wa Kyela na yule wa Chicago wanakaa benchi moja, na wote wawili wana haki ya kuogopa.

4.7 Hitimisho

Sehemu hii imeonyesha kuwa mwitiko wa mtazamaji anayeuliza kaburi badala ya kushtukia kivuli ni tafsiri kamili, yenye mantiki na ushahidi ndani ya matini. Imebainika kuwa upeo wa matarajio wa Kyela unakihamisha kitisho kutoka katika jumba na kukiweka katika msiba usiomalizwa na mzazi asiyetoa nafasi. Imebainika pia kuwa upeo huo una mahali unapokoma. Watafiti wa upokezi wa kazi za kutisha hawana budi kurekodi maswali ya watazamaji pamoja na mayowe yao. Mayowe hueleza mtunzi alifanikiwa wapi. Maswali hueleza mtazamaji alitoka wapi.