Ya Kuvaa au ya Kupeleka?

Swali la kwanza la muuza leso anayeijua kazi yake, pale Mtaa wa Biashara, Mombasa, ni hili: "Ya kuvaa au ya kupeleka, mama?" Rangi ataiuliza baadaye. Leso ya kupeleka humsemea aliyeipeleka, na jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, husomwa kabla kitambaa hakijaguswa. Mwenye kwenda kumtazama mzazi hafai kutoka dukani na "Mwenye wivu ajinyonge", hata maua yake yakiwa yamemkaa rohoni. Muuzaji mzembe atamfungia na kupokea pesa. Hodari ataisoma kwa sauti, atanyamaza kidogo, kisha atavuta nyingine kutoka katikati ya rundo bila rundo kuyumba.

Kuuza maneno ni kazi ya zamani mjini humo. Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, ndiye anayetajwa kwamba alieneza mtindo wa kuchapa majina mwanzoni mwa karne ya 20, na leso zake zilijulikana kwa chapa ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Majina ya awali yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Za Kirumi zilifuata. Lakini kabla ya chapa yoyote, katika karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso ndogo za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita sita, tatu juu na tatu chini, zikawa vazi moja. Yaani mvaaji ndiye aliyetangulia na sindano yake, mfanyabiashara akamfuata nyuma. Wenye maduka wanaomsikiliza mteja badala ya kumhubiria naona bado wanaufuata mpango ule ule.

Kitambaa chenyewe kinataka subira. Leso mpya ni ngumu kwa wanga wa kiwandani, na wanga huficha mengi. Itazame mikono ya muuzaji: anashika pembe moja, anaifikicha baina ya viganja mpaka ilainike, kisha anaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Nyuzi zikiachana kama chekecheke, anaikunja bila maneno. Anaigeuza aone kama rangi imepenya upande wa pili. Halafu anakagua uchapaji: je, nyekundu imepanda juu ya nyeusi? Jina limekaa kombo? Kisutu, kile cha nyekundu, nyeusi na nyeupe cha maarusi, hakina huruma kwa kosa la namna hii, kwa kuwa vidoa vyake vimepangana mistari na mstari ukipinda huonekana toka ng'ambo ya barabara. Sisi wanunuzi aghalabu huyaona hayo tukishafika nyumbani. "Kufungua si kununua, mama," atasema muuzaji, na doti nne zitalala wazi mezani pasipo yeye kukunja uso.

Doti huuzwa leso zote mbili zikiwa bado zimeshikana, kwa hiyo duka zuri halikamiliki bila fundi wa barazani na cherehani yake. Naweza kumtazama huyu muda mrefu. Anaikunja doti katikati, analaza pindo juu ya pindo, anapiga kofi moja kuondoa mikunjo, ndipo mkasi uingie. Ukienda kombo upana wa kidole, leso moja itabaki na ukingo mnono na mwenziwe atapunjika. Pande ndefu zimeshamalizwa kiwandani. Zinazopindwa ni zile fupi. Anakunja pindo mara mbili kwa kidole gumba, jembamba kabisa, na kuusukuma mguu mfululizo, bila pini hata moja. Muuzaji mwenye kujali anajua mshono wa fundi yupi hufumuka, na huko hakutumi.

Siku hizi mzigo mwingi hutoka India, na mwingine huja umechanganywa polista: rangi zake kali, hauna mkunjo, na jasho haunywi. Hapa ndipo utamjua muuzaji. Mteja amekwisha kuipenda leso, pesa iko mkononi, naye muuzaji anaishika ile pembe, anaisikiliza kwa vidole, anatingisha kichwa: "Hii ya kutandika meza, mama. Ya kujifunga, ngojea mzigo wa wiki ijayo."