Kimya Kilichoandikwa

Nilikwama kabla ya mhusika yeyote kufungua kinywa. Nilikuwa nimejipa kazi ya kutafsiri kurasa chache za tamthilia ya Jon Fosse, Nokon kjem til å komme, ili vijana wa kikundi chetu cha maigizo wazisome kwa sauti. Orodha ya wahusika ikanisimamisha. Wako watatu tu, na hakuna mwenye jina. Wa kwanza ni Ho, wa pili ni Han, yaani yeye wa kike na yeye wa kiume. Wa tatu anaitwa Mwanamume, basi. Kiswahili hakijali: huyu ni yeye na yule ni yeye. Nikiandika Yeye na Yeye, msomaji hatajua nani anasema nini. Nikiandika Mke na Mume, nimewafungisha ndoa ambayo mwandishi hakuitaja. Nikiandika Mwanamke na Mwanamume, yule wa tatu nimemnyang'anya jina lake pekee. Mwishowe niliandika Wa Kike na Wa Kiume, na hadi leo sijaridhika.

Lakini ukurasa huohuo ulinilipa. Wawili hawa wamenunua nyumba kuukuu kando ya bahari, mbali na watu, na wanaambiana tena na tena kwamba hapa watakuwa peke yao. Kinorwei kinatumia maneno mawili yanayovutana, moja la upweke na jingine la kuwa pamoja. Sisi tuna peke yetu, na mvutano wote umo humo: peke ni ya mtu mmoja, yetu ni ya wawili. Niliandika neno hilo nikaliangalia kwa muda. Furaha yao na hofu yao vimekaa ndani yake kama pacha. Mwanamke anaanza kusema kwamba kuna mtu atakuja, ana hakika atakuja. Na kweli mtu anakuja: ni yule aliyewauzia nyumba, nyumba aliyoirithi kwa bibi yake. Haji na kisu wala hadai deni. Anakuja kuongea, na anamwachia mwanamke namba yake ya simu. Imetosha. Wivu unaingia ndani ya nyumba ile kama unyevu unavyopanda ukutani, na ukiambiwa utaje kosa lililotendwa, huna la kutaja.

Fosse aliiandika tamthilia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na haikuwa katika mipango yake. Alikuwa mwandishi wa riwaya na mashairi, akiishi kwa kalamu, na aliahidiwa fedha aandike mwanzo tu wa tamthilia. Alipoanza hakuweza kuacha, akaandika yote. Yeye mwenyewe alilieleza jambo hilo Stockholm tarehe 7 Desemba 2023, katika mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel, na akaeleza pia kilichomnasa. Kwenye riwaya, kimya lazima ukijenge kwa hila, kwa kuzunguka kile usichokisema. Kwenye tamthilia unaandika tu neno moja la maelekezo ya jukwaani na kimya kimekuja, kimekaa katikati ya watu kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Fungua kazi zake uone: kimya kifupi, kimya, kimya kirefu, mhusika anajikatiza. Mistari ya mazungumzo ni mifupi, haina nukta wala mkato, na karatasi imebaki nyeupe kuliko ilivyo nyeusi. Ukihesabu msamiati wote wa mazungumzo yale, mtoto wa darasa la nne anaujua. Waswahili tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Fosse ndiye fundi niliyemwona akiupima mshindo huo, akiugawa kwa vipimo, akiuweka pale tu ambapo ukuta unahitaji tofali.

Ukitaka kujua sikio hili lilitoka wapi, nenda Strandebarm, kijiji cha pwani ya magharibi ya Norwei kwenye fiodi ya Hardanger, mkono mrefu wa bahari ulioingia ndani ya nchi kati ya milima. Fosse alizaliwa Haugesund tarehe 29 Septemba 1959, lakini alikulia kijijini humo. Akiwa na miaka saba aliteleza kwenye barafu akiwa ameshika chupa ya juisi. Chupa ikavunjika, kioo kikakata mshipa mkubwa wa damu wa mkononi. Wakati wanamkimbiza kutibiwa aliitazama nyumba yao akidhani anaiona kwa mara ya mwisho, na akajiona mwenyewe kama mtu anayetazamwa kutoka nje, katika mwanga wenye amani. Amesema mara nyingi kwamba tukio hilo ndilo lililomfanya awe mwandishi. Tukio la pili linanigusa zaidi, labda kwa sababu nimeshawahi kuliona darasani. Akiwa kijana wa shule aliambiwa asome kwa sauti mbele ya wenzake, akashikwa na hofu kubwa kiasi kwamba alitoka darasani mbio. Aliona hofu imemwibia lugha, na kwamba lazima airudishe mikononi mwake. Akaanza kuandika vishairi na hadithi fupi, vitu vyake mwenyewe, mahali ambapo hakuna anayemsukuma aseme.

Kabla ya vitabu kulikuwa na gitaa. Alilipiga kwa miaka ya ujana, katika bendi, kwa bidii ya mtu anayetaka kuwa mwanamuziki, kisha akaliweka chini moja kwa moja. Ninapomsoma huwa nasikia kwamba vidole ndivyo vilivyoacha, si sikio. Kurudia kwake neno au tendo ni kurudia kwa kiitikio: linarudi lilelile, lakini sasa limepita mahali, limebeba kitu.

Riwaya yake ya kwanza, Raudt, svart, ilitoka mwaka 1983. Baada ya hapo zikaja diwani za mashairi, riwaya ya Naustet mwaka 1989, ambayo jina lake ni banda la mashua, vitabu vya watoto, insha za nadharia, tafsiri, na tamthilia zinazokaribia arobaini. Alifundisha pia uandishi Bergen, na mwanafunzi wake mmoja alikuwa Karl Ove Knausgård, ambaye baadaye alisimulia katika riwaya ya maisha yake jinsi mwalimu huyu mpole alivyolipitia shairi lake na kuona kwamba linalofaa kubaki ni neno moja. Biblia ya Kinorwei iliyotoka mwaka 2011 alikuwa mmoja wa washauri wa lugha yake. Watu wakiiona orodha kama hii husema huyu ni mtu wa vipaji vingi. Mimi naona kipaji kimoja kilichokataa kukaa chumba kimoja. Mwenyewe husema kuandika ni kusikiliza: hapangi kisa kabla, anakaa, anasikiliza, anaandika anachokisikia. Ukilichukua neno hilo kwa uzito wake, aina za fasihi zinakuwa ni milango tu ya nyumba ileile.

Na kuna lugha. Norwei ina namna mbili rasmi za kuandika. Bokmål, inayotumiwa na wengi, ilikua kutoka Kidenishi, lugha ya waliowatawala kwa karne nyingi. Nynorsk ilijengwa na Ivar Aasen, mtoto wa mkulima aliyejifunza mwenyewe, ambaye katika miaka ya 1840 alizunguka vijijini akisikiliza watu wanavyosema, kisha akatoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Kwetu Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu: lahaja moja ilishikwa ikapandishwa. Aasen alishika nyingi akazisuka. Leo wanaoandika Nynorsk ni kama mmoja kati ya kumi hivi, na Fosse hajawahi kuiacha hata kwa kitabu kimoja. Alipotangazwa mshindi, tarehe 5 Oktoba 2023, alikuwa Mnorwei wa nne kupata Nobel ya Fasihi baada ya Bjørnson, Hamsun na Undset, na wa kwanza kuipata kwa Nynorsk. Lugha hiyo ilizaliwa kwa kusikiliza, na nadhani ndiyo maana inamkaa vizuri hivyo.

Wenzake wa nyumbani hawakumwelewa mara moja. Katika mhadhara ule wa Stockholm alisema vitabu vyake vya mwanzo vilihakikiwa vibaya, akaamua kutowasikiliza wahakiki, na mafanikio yalipokuja akaona kanuni iwe ileile: kama hukuyumbishwa na lawama, usiyumbishwe na sifa. Nokon kjem til å komme ilichezwa mwaka 1996 kwenye Det Norske Teatret, ukumbi wa Oslo ulioanzishwa uwe makao ya Nynorsk, lakini mlango wa dunia ulifunguka mwaka 1999 huko Nanterre, nje ya Paris, alipoiongoza Claude Régy, mzee wa jukwaa la Ufaransa aliyependa mwendo wa polepole na mwanga hafifu. Baada ya hapo Ujerumani ikamchukua, na nchi nyingine zikafuata. Katika watunzi wa tamthilia wa Norwei, aliyechezwa kuliko yeye ni Ibsen peke yake.

Watu hupenda kumlinganisha na Ibsen. Kwangu wawili hawa wanakaa kwenye ncha mbili. Kwa Ibsen kuna siri ya zamani, kuna barua, kuna mkopo uliofichwa, na maneno yanachimba mpaka siri inatoka juani. Kwa Fosse hakuna kilichozikwa. Kila kitu kiko sebuleni tangu pazia linapofunguka, na watu wake wanakizunguka kwa maneno madogo kwa sababu hakina jina. Akademia ya Uswidi, inayotoa Nobel ya Fasihi, ilimsifu kwa kukipa sauti kile kisichosemeka. Ningeongeza kwamba hakukilazimisha kisemeke.

Kitabu ninachompa mtu asiyemjua Fosse ni Morgon og kveld, cha mwaka 2000, kifupi, cha jioni moja. Mwanzo wake, mvuvi Olai anangoja chumba cha nje huku mkewe Marta akijifungua. Mtoto atakuwa Johannes. Ukifungua sehemu ya pili, Johannes ni mzee, mjane, anaamka asubuhi na mwili umekuwa mwepesi, maumivu yote ya jana hayapo. Anatoka nje, anamkuta rafiki yake Peter, ambaye anakumbuka kama alishakufa, wanaingia kwenye mashua. Johannes anashusha mshipi. Chubwi linazama kidogo, halafu linasimama. Analivuta, analishusha upande wa pili wa mashua, linasimama palepale. Maji ni mangavu, chombo hakijakwama popote, na mshipi haushuki.

Anayejua kuvua mshipi atasimama hapo kama nilivyosimama mimi. Mkono wa mvuvi unaujua uzito wa chubwi kabla ya akili. Unangoja ule mguso mdogo wa chini. Fosse hasemi Johannes amekufa. Anaiacha bahari iliyomlisha maisha yote imkatalie, kwa upole, na mzee anauelewa mkono wake kabla hajajielewa mwenyewe. Na hata hapo anaendelea na ya kila siku: nywele za Peter zimekuwa ndefu, na wao miaka yote wamekuwa wakikatana nywele. Baadaye binti yake Signe anakuja njiani, na hamwoni baba yake. Sina ujasiri wa kueleza zaidi. Nimekisoma kitabu hiki mara nne, na mara zote nimelazimika kukiweka chini kwenye mshipi ule.

Mwaka 2012 Fosse aliacha pombe, na katika kipindi hichohicho akaingia Kanisa Katoliki. Alikuwa amechoka na tamthilia, akazipa kisogo kwa miaka, akarudi kwenye nathari ya mwendo wa taratibu. Hapo ndipo ilipotoka Septologien, sehemu saba zilizochapishwa kwa vitabu vitatu kati ya mwaka 2019 na 2021. Asle, mchoraji mzee aliyefiwa na mkewe, anasimama mbele ya picha yenye mistari miwili tu, mmoja wa zambarau na mmoja wa kahawia, inayokatana. Kila sehemu inaanzia kwenye picha hiyo na kuishia kwenye sala. Humo mote hakuna nukta. Nilidhani nitachoka, badala yake pumzi yangu ilibadilika, ikafuata yake. Jirani wa Asle, mvuvi Åsleik, hupewa picha moja kila mwaka ampelekee dada yake zawadi ya Krismasi, na kila mara, kwa jicho lisilosomea sanaa, huchagua iliyo bora. Naamini Fosse amewaweka wasomaji wake katika kiti cha Åsleik.

Nirudi kwenye chumba chetu cha mazoezi. Vijana wawili walisoma kurasa zangu vizuri, na kila walipofika palipoandikwa kimya kirefu wakaparuka kama anayeruka dimbwi. Niliwaambia wahesabu hadi tano. Ikawa mbaya zaidi. Tuliziona namba usoni mwao. Nikawaambia waache kuhesabu, kila mmoja asikilize tu kile mwenzake anachokaribia kusema. Tukarudia. Msichana alimaliza mstari wake, na feni ya dari ikabaki ikizunguka. Mahali fulani nje lango la chuma lilifungwa. Akageuza kichwa kuelekea dirishani, jambo ambalo sikuliandika popote. Kijana hakutazama dirisha. Alikuwa anamtazama yeye, jinsi alivyogeuka haraka kuliko ilivyohitajika kwa lango tu, na mkono wake wenye karatasi ukashuka pajani.