Kimani wa Hollywood

Filamu ya Something of Value ilitoka mwaka wa 1957, mwaka uleule ambao Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti. Ilitengenezwa na MGM, ikaongozwa na Richard Brooks, na ilitokana na riwaya ya Robert Ruark, mwandishi wa magazeti kutoka North Carolina aliyekuja Kenya kuwinda wanyama akaondoka na kitabu. Rock Hudson ni Peter, kijana wa setla. Sidney Poitier ni Kimani wa Karanja, Mkikuyu aliyelelewa naye shamba moja kama ndugu. Kama wewe ni mtu wa Nyeri, Karatina au Nanyuki na hujaiona, itafute. Halafu uje tugombane.

Sisi vijana wa huku tunaizungumzia miaka ya 1950 kana kwamba ilikuwa miwili tofauti. Kuna ile ya Marekani: magari yenye mapezi nyuma, friji jipya, magauni mapana, sakafu ya miraba myeusi na myeupe ambayo mikahawa yetu inaiga ili tupige picha. Halafu kuna ile ya cucu zetu, ambayo hakuna mkahawa utakaoiiga. Ukweli ni kwamba ni muongo mmoja, na filamu hii ni mahali pazuri pa kuuona mshono wake.

Nianze na kinachostahili sifa. Mapema katika hadithi, shemeji yake Peter anamzaba Kimani kofi. Uso wa Poitier baada ya lile kofi ndio filamu nzima. Unaona mtu akielewa kwamba yale yote aliyoyaita udugu yalikuwa ya kuazima. Mtazamaji wa Marekani hakuhitaji ramani ya Afrika kulielewa. Mwaka huohuo wa 1957, huko Little Rock, watoto 9 weusi walilazimika kusindikizwa na wanajeshi ndipo waingie shule ya upili. Poitier alikuwa akicheza Mkikuyu, lakini alijua kofi linapotoka.

Shida ni kwamba Brooks anaishia hapo. Swali lake ni moja: je, mvulana mweupe na mvulana mweusi wanaweza kubaki marafiki? Hilo ni swali la Marekani, limevalishwa mandhari ya kwetu. Hata nafasi kubwa za Wakikuyu zilipewa waigizaji kutoka Marekani na Puerto Rico. Jina lenyewe la filamu linatokana na wazo kwamba ukimnyang'anya mtu mila zake, lazima umpe kitu cha thamani badala yake. Sawa. Lakini waliokuwa msituni hawakujiita jeshi la mila. Walidai ithaka na wiathi, ardhi na uhuru. Filamu inalia sana juu ya mila zilizopotea, na kilio hicho hakiligusi shamba la setla hata kidogo. Kiapo nacho kimepigwa kama filamu ya kutisha, hadi unasahau kwamba watu wazima wenye akili timamu waliapa wakijua kwa nini.

Na kuna wanawake. Katika filamu wanazaa, wanalia, wanauawa. Wakati Hollywood inaandaa kamera, wanawake wa Nyeri walikuwa na kazi nyingine.

Kuanzia katikati ya 1954 hadi mwisho wa 1955, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja hadi vijiji zaidi ya 800, vyenye uzio, mitaro na homugadi langoni. Huku tunakuita gichagi. Miaka michache kabla, kule Levittown nje ya New York, kampuni moja ilikuwa imejenga nyumba zaidi ya 17,000 zinazofanana, kwa kasi ya kiwanda, na mikataba ya mwanzo ikakataza mtu asiye mweupe kuishi humo. Sisemi Levittown na gichagi ni kitu kimoja. Huko mtu alipewa mkopo na jiko la umeme, huku akachomewa nyumba yake. Ila zote mbili ni nyumba za mistari, zilizopangwa na watu walioamini kwamba ukimpanga binadamu vizuri, siasa itamtoka.

Cucu yangu alikuwa msichana gichagi. Ukimuuliza kuhusu miaka hiyo haanzi na Kimathi, anaanza na mtaro. Ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya ulichimbwa mtaro wa kilomita zipatazo 80, ukajazwa miti iliyochongwa, ili wapiganaji wasishuke kutafuta chakula. Waliochimba ni watu wa vijijini kwa kulazimishwa, wengi wao wanawake. Yaani walichimba wakijua anayeweza kuanguka humo ni kaka yao.

Sasa angalia Kimani anavyokufa. Anaanguka katika shimo lenye miti iliyochongwa. Mara ya kwanza nilisimamisha laptopu. Brooks ameipata picha iliyo ya kweli kuliko zote za vita vile, akaifanya ajali kati ya marafiki wawili. Shimo lipo, lakini hakuna aliyelichimba. Kisha Peter anamchukua mtoto mchanga wa Kimani ili akalelewe pamoja na mtoto wa dada yake, na hapo ndipo filamu inataka tupate matumaini. Kizazi kijacho kitakuwa sawa, mradi kilelewe nyumbani kwa setla.

Miaka miwili baadaye, 1959, nyota mwingine wa Hollywood, William Holden, na wenzake walianzisha Mount Kenya Safari Club pale Nanyuki. Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa rasmi. Mlima uleule, muongo uleule: upande mmoja mtaro, upande mwingine wageni na glasi zao.

Lakini 1959 ina habari nyingine, na hiyo ndiyo inayonifanya nisimtupe Poitier pamoja na filamu yake. Mwaka huo Tom Mboya alihitaji pesa za kuwapeleka wanafunzi Marekani. Waliotia sahihi barua ya kuomba michango ni Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier. Septemba, wanafunzi 81 wakapanda ndege Nairobi. Mwaka uliofuata akaenda msichana wa Ihithe, hapa Nyeri, aitwaye Wangari, kusoma Kansas. Katika Unbowed anasimulia kwamba wakiwa njiani walikatazwa kuketi ndani ya mkahawa kwa sababu ya rangi yao. Alisoma, akarudi, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel. Hakuna Peter aliyembeba.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo simhubirii mtu kuhusu digrii. Nusu ya rafiki zangu wanajaza fomu za green card kila mwaka na siwalaumu. Ninachokataa ni kuipokea Marekani ya miaka ile kama sakafu ya miraba tu, na kuipokea Nyeri ya miaka ile kama mandhari ya huzuni ya watu wengine. Bado tunasubiri filamu inayoanza na mwanamke na jembe ukingoni mwa msitu, ikabaki naye hadi mwisho.

Kwa sasa, itazameni hii mkiwa na mzee aliyeishi gichagi. Bado wapo, ila si wengi. Mkifika pale kwenye shimo, simamisheni filamu, mumuulize nani alichimba.