Kiduha hushindwa mizizini

Mkulima wa mahindi kandokando ya Ziwa Victoria anapoona maua ya zambarau ya kiduha, ameshachelewa. Gugu hilo, ambalo Wajaluo huliita kayongo, hung'ang'ania mizizi ya mahindi na kuinyonya kwa wiki kadhaa likiwa bado chini ya udongo. Ukiling'oa likishatoa maua unazuia mbegu mpya tu, mahindi yameshadumaa. Mbegu zenyewe ni laini kama vumbi, mmea mmoja huangusha maelfu kwa maelfu, na hukaa hai ardhini zaidi ya miaka 10.

Katika miaka ya 1990, Zeyaur Khan na wenzake wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakipambana na funza wa mabua: walipanda mmea wa kufukuza nondo wake katikati ya mahindi, na majani ya nepia ya kumvuta pembeni. Walipopanda desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, kati ya mistari, kiduha kikapungua mno. Kivuli na naitrojeni vilichangia, ila kazi kubwa ilifanyika mizizini. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha, na nyingine zinazokizuia kujishika kwenye mahindi. Mbegu inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa. Akiba iliyolala ardhini hupungua msimu baada ya msimu, na hilo jembe haliliwezi.

Msimu wa kwanza ndio mgumu, na inaniuma unapoelezwa juujuu. Mbegu za desmodiamu huchanganywa na mchanga mkavu, zikanyunyizwa kwenye kifereji chembamba katikati ya mistari ya mahindi iliyoachana sentimita 75, zikafunikwa kwa udongo kidogo sana. Miche hukua polepole, nayo yafanana na magugu mengine. Palizi mbili za mapema, takriban wiki ya 3 na ya 5, zinataka mtu anayeitambua, tena ang'oe kwa mkono pale karibu na mstari. Kibarua ambaye hajaonyeshwa ataifyeka yote. Kuanzia msimu wa pili desmodiamu imeshatandaa. Hupunguzwa kabla ya kupanda, na tena mahindi yakiwa machanga.

Majani yanayokatwa ni malisho yenye protini nyingi, na mwenye ng'ombe wa maziwa hapati shida kurudi shambani na panga. Asiye na mifugo atafute kwanza jirani wa kununua majani, maana desmodiamu isipokatwa hupanda juu ya mahindi na kuyabana.